Wazazi wa Arua, mnausingizia usiku

Ukitaka kupigiwa makofi kwenye mkutano wa wazazi, iwe Arua mjini au Koboko, simama useme kwamba usiku ndio unaotuharibia watoto. Hakuna atakayekubishia. Mwalimu atatikisa kichwa kukubali, mwenyekiti wa kijiji (LC1) ataongezea habari za disko na mairungi, na mzee mmoja wa viti vya nyuma atakumbusha kwamba zamani jua likizama watoto wote walikuwa ndani. Kisha kila mtu ataenda kwake kutia komeo.

Mimi nasema usiku tunausingizia. Wala sibahatishi, maana serikali ilishatufanyia jaribio, tena la nchi nzima.

Mwisho wa Machi 2020 Rais Museveni alitangaza kafyu kwa ajili ya korona: kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, marufuku kutoka. Saa zilibadilishwa mara kadhaa, lakini kafyu yenyewe haikuondolewa mpaka Januari 2022. Disko zilifungwa, baa zilifungwa, bodaboda zikapigwa marufuku usiku. Mzazi aliyekuwa akiomba siku zote vijana wasitembee gizani alijibiwa maombi yake kwa karibu miaka miwili, askari wakiwa barabarani na fimbo. Matokeo? Mwaka 2020 peke yake mimba za wasichana wadogo zilizoandikishwa nchini zilizidi 350,000. Mwaka huohuo polisi walipokea kesi za unajisi wa watoto zaidi ya 14,000, na mwaka uliofuata zikazidi tena 14,000. Usiku ulikuwa umefungwa. Basi hayo yote yalitendeka saa ngapi, na wapi?

Mengi yalitendeka mchana, ndugu zangu, na mengine ndani ya uzio wetu wenyewe. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Sehemu kubwa ya muda huo msichana alikuwa nyumbani, au njiani kwenda kuteka maji, au gengeni akiuza nyanya saa ambazo angekuwa darasani. Aliyemwendea hakuwa jini wa usiku. Alikuwa mpangaji, jirani, ndugu aliyekuja kukaa wiki moja akakaa miezi mitatu, mwenye duka anayemkopesha sabuni bila kudai. Alikuwa yule kijana wa bodaboda anayempa lifti ya bure saa sita mchana na juu ya hayo kumnunulia chapati. Mtu kama huyo giza la nini? Anachotafuta ni mtoto asiye na kitu mfukoni, na mzazi aliyekodolea macho saa ya ukutani.

Na yule mzee wa viti vya nyuma naye aulizwe vizuri. Ngoma za Walugbara, za matanga na zile ambazo vijana walitafutia wachumba, hazikuwa za kuisha saa kumi jioni ili watu wawahi kulala. Wazee wetu walikesha, na wengi wetu tumezaliwa kwa sababu walikesha. Tofauti ni kwamba walicheza mbele ya shangazi na wajomba, kila mtu akijua huyu ni mtoto wa nani. Hata leo, Ramadhani ikiingia, watoto wa mtaa wa Oli wako nje mpaka baada ya tarawehe. Mkesha wa Krismasi vijana wanajaa kanisani Ediofe. Sijasikia mtu akilalamika kwamba wameharibika.

Sasa tazama boma la kawaida hapa kwetu. Mvulana akianza kubadilika sauti, anajengewa kibanda chake cha nyasi: mlango wake, kufuli yake, ufunguo anatembea nao mfukoni. Akitoka saa tano akarudi alfajiri, nani atajua? Dada yake analala nyumba kubwa, nyuma ya mlango wa bati wenye komeo linalopiga kelele mpaka mbwa wa jirani anabweka. Mmoja tumempa ufunguo, mwingine tumemfungia, halafu tunaitana mkutano kujadili mimba za wasichana. Wavulana hawatajwi hata kwenye ajenda.

Komeo lenyewe nalo lina kazi ambayo baba hakuikusudia. Binti ameenda kwenye sherehe ya rafiki yake, kaahidi kurudi saa tatu. Bodaboda imekosekana, saa nne imempata barabarani. Anamjua baba yake: alishasema ikipita saa tatu mlango haufunguliwi, na ni mtu wa neno lake. Basi binti haji nyumbani. Analala atakapokaribishwa, na anayemkaribisha saa hizo si lazima awe rafiki. Kuchelewa saa moja kumekuwa kulala nje usiku mzima, na aliyesababisha ni baba mwenyewe, anayekoroma akiamini amelea.

Sisemi usiku ni salama. West Nile tumeunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024 tu. Miaka mingi kabla ya hapo tuliishi kwa umeme wa mgao, na barabara nyingi bado ni giza totoro. Malori ya kwenda mpakani Oraba hayamwoni mtembea kwa miguu mpaka yamfikie. Hayo ni ya kudai taa kutoka kwa halmashauri, na wazazi wanaojaza ukumbi kulalamikia disko wanaweza kuujaza siku ya bajeti pia.

Kwa hiyo, wazee wangu, kabla ya kumuuliza mtoto anarudi saa ngapi, muulizeni anakwenda kwa nani. Mtafuteni dereva mmoja wa bodaboda mnayemjua kwao, muwe na namba yake, na nauli mlipe nyinyi. Mwambieni binti kwamba hata akifika saa nane za usiku atafunguliwa, maneno yatasubiri asubuhi. Mvulana aulizwe maswali yaleyale, kwa ukali uleule. Na mkimjua mtu mzima anayemchezea mtoto, mchana au usiku, msikae chini ya mwembe kumalizana kwa mbuzi wawili. Pigeni 116, namba ya kuwalinda watoto. Haina malipo.