Paka wa Ghorofani na Jibu Letu la Haraka



Juma hili twaanza kwa kukiri kosa. Miezi kadhaa iliyopita, baada ya darsa ya wanawake, mama mmoja alitungojea ukumbini akatuuliza: "Maalim, yafaa kumpa paka nyama mbichi?" Magharibi ilikuwa imekaribia na udhu hatujachukua. Tukamwuliza kama nyama yenyewe ni ya kuchinjwa. Akasema aichukua bucha ya Mwislamu. Tukamwambia, "Basi nyama ni halali, mama, na paka si najisi. Mpe." Akatuombea dua akaenda zake, nasi tukaenda birikani tukiwa tumeridhika kwamba swali limejibiwa.

Miezi mitatu baadaye alirudi na kapu la ukili. Ndani yake mlikuwa na paka mchanga, manyoya yang'aa, tumbo limejaa, lakini miguu ya nyuma imetanuka kama ya chura, na kila aguswapo mgongoni hulia. Binti yake wa miaka kumi na mmoja, aliyemwokota paka huyo siku ya mvua karibu na Marikiti, alikuwa amesimama nyuma ya mamake, hasemi kitu. "Maalim," alisema yule mama, "kila siku namnunulia sarara, nyama tupu isiyo mfupa wala mafuta. Vile ulivyotwambia." Hakuwa akitulaumu. Alikuwa akitueleza tu, na hilo ndilo lililotuchoma.

Tulifuatana nao hadi kwa daktari wa mifugo. Alimpapasa paka taratibu, akaagiza picha ya mifupa, kisha akaiinua ile picha mbele ya taa tuitazame. Mifupa ilikuwa hafifu, karibu haionekani, na mguu mmoja una ufa uliokuwa umeanza kujiunga wenyewe kwa upogo. Kisha akatuuliza swali ambalo kwa umri wetu wote wa kusoma na kusomesha hatukuwa na jawabu lake: "Sheikh, ndani ya panya mna nini?"

Mna nyama, ndiyo. Lakini pia mna mifupa, moyo, ini, figo na damu, na paka humla panya karibu wote, kichwa hadi mkia. Nyama tupu, akatueleza, ina fosforasi takriban mara kumi na tano hata ishirini kuliko kalsiamu, ilhali mwili wa paka wataka viwili hivyo vikaribiane. Akikosa kalsiamu tumboni, mwili huiendea pale ilipo, yaani mifupani mwake mwenyewe, ukaichota kidogokidogo. Paka mchanga anayekua huharibika upesi zaidi. Kwa hiyo sarara ile ya bei kubwa, iliyonunuliwa kwa mapenzi, ilikuwa ikimmaliza mifupa.

Tulirudi nyumbani tukafungua tena hadithi ambayo tumeisomesha watoto wa madrasa kwa zaidi ya miaka ishirini, ile iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Sote twaijua: alimfungia, hakumlisha. Lakini hadithi haiishii hapo. Yataja jambo la pili, kwamba wala hakumwachilia ajilie vijidudu vya ardhini. Milango ilikuwa miwili, naye akaifunga yote. Miaka yote hiyo tulikuwa tukiupita mlango huu wa pili mbio, kana kwamba ni nyongeza ya maneno tu.

Paka wa Lamu alalaye barazani na kuamkia gatini penye vichwa vya samaki, mlango wake wa pili u wazi. Humpata panya, mjusi, panzi na kinda la ndege. Ukimrushia mnofu wa nyama mbichi, umemwongezea tu katika riziki aliyokwisha kujitafutia. Lakini huyu wa ghorofa ya tatu, mwenye wavu dirishani na mlango wa chuma, hana panya wala mjusi. Kilichomo sahanini ndicho ulimwengu wake wote. Anayemfungia mnyama amejitwika kumtafutia kila kile ambacho angejitafutia mwenyewe, na wanazuoni wetu wa Kishafi, katika mlango wa nafaka, walimlazimisha mwenye mnyama chakula chake na maji yake kama deni lililo shingoni. Swali la yule mama basi halikuwa la halali na haramu peke yake. Lau tungemwuliza paka anaishi wapi na anakula nini kingine, pengine tungemwambia, "Ngoja, mama, hili tuwaulize wajuao."

Kuna wanaotetea sana nyama mbichi, na hoja zao si za kipuuzi. Tabibu mmoja wa California, Francis Pottenger, alifuga mamia ya paka kati ya mwaka 1932 na 1942. Waliopewa nyama mbichi walinawiri, na waliopewa nyama ya kupikwa walidhoofika kizazi baada ya kizazi. Wengi hadi leo huitegemea kazi hiyo. Lakini zama zile haikujulikana kwamba paka hawezi kuishi vyema bila kitu kiitwacho taurini. Kilipatikana mara ya kwanza katika nyongo ya ng'ombe mwaka 1827, na jina lake latokana na neno la Kilatini la fahali. Wanyama wengi hujitengenezea cha kuwatosha, paka hawezi. Akikikosa kwa muda mrefu, macho hupofuka, na mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California walionyesha kwamba hata moyo hutanuka na kulegea. Kimejaa katika nyama, na zaidi katika moyo. Nyama ikichemshwa, sehemu yake hutokea majini. Basi mpishi anayemwaga mchuzi kisha akampa paka nyama iliyokaushwa amemwaga pamoja nao kile paka anachokihitaji. Mpeni na mchuzi wake.

Huo mchuzi lakini usiwe wa chungu chetu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na sisi watu wa pwani hatujui kupika bila hivyo viwili. Mabaki ya pilau si chakula cha paka, hata akiyalilia.

Ini nalo ni zuri kwa kiasi kidogo, kipande tu katika mlo. Paka akizoeshwa ini kila siku, vitamini A humzidi na mifupa ya shingo hukakamaa ikashikana. Ama samaki mbichi, baadhi yao, wakiwamo wa jamii ya dagaa, wana kitu kinachoivunja vitamini B1, na paka anayeishi kwa samaki hao pekee huweza kupata kifafa. Moto huliondoa tatizo hilo. Na mfupa uliopikwa msimpe kabisa, kwa kuwa hupasuka vipande vikali kama sindano.

Sasa twafika kwenye jambo lililotukosesha usingizi. Tulipokuwa kwa daktari, yule mama alitaja kwamba mkaza mwanawe aishi nao naye ni mja mzito wa miezi minne, na kwamba yeye ndiye akataye nyama ya paka asubuhi, juu ya ubao uleule wa kachumbari.

Katika nyama mbichi huweza kuwamo kijidudu cha toksoplasma, kilichogunduliwa mwaka 1908 na Charles Nicolle na Louis Manceaux kule Tunis. Paka akila nyama yenye kijidudu hicho, kwa wiki moja hadi tatu hivi huweza kutoa mayai yake katika kinyesi. Mwanamke anayekipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba huhofiwa mtoto wake kuharibika macho au ubongo, au mimba kutoka. Tuna desturi mbaya mitaani ya kumtupa paka jalalani pindi bibi arusi anaposhika mimba. Hiyo ni dhuluma, na tena haileti salama, kwa kuwa kijidudu hichohicho humfikia mtu kwa nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani. Mayai yatokayo kwa paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kudhuru. Kinyesi kikiondolewa kila siku, na mtu mwingine asiyekuwa mja mzito, na paka akala kilichopikwa, hofu hupungua sana. Paka abaki, ubao ubadilishwe.

Wako watakaotuambia, "Sheikh, paka si tohara? Mbona watutisha?" Watatukumbusha kisa cha Bi Kabsha binti Ka'b, aliyemmiminia mkwewe Abu Qatada maji ya udhu, akaja paka kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akamaliza haja yake, kisha akamweleza kwamba Mtume, swalallahu alayhi wasallam, alisema paka si najisi. Kisa ni sahihi na hukumu yake haijabadilika. Lakini Bi Kabsha hakuwa na sinia la kuku mbichi lililokaa chini ya meza tangu alfajiri katika joto la Mombasa. Tohara ya paka haimpi kuku mbichi usalama. Salmonela huweza kukaa katika nyama hiyo, paka akala asiumwe, na mtoto atambaaye sakafuni akaugua. Kuigandisha nyama kwenye friza kwa siku kadhaa huua toksoplasma iliyomo nyamani, lakini salmonela haiuawi kwa baridi. Na mwisho wa mwaka 2024, huko Oregon, Marekani, paka wa ndani alikufa kwa mafua ya ndege baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga kilichouzwa kikiwa kimegandishwa.

Kwa hiyo rai yetu, nayo ni rai tu baada ya kuwauliza wenye fani, ni kwamba nyumba yenye mtoto mchanga, mja mzito, mzee au mgonjwa isimpe paka nyama mbichi. Ipike kwa maji machache. Wengine hutia unga laini wa maganda ya mayai yaliyochemshwa na kukaushwa, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya nyama isiyo na mfupa, badala ya mifupa ya panya. Hata hivyo chakula cha nyumbani tupu, kibichi au kilichopikwa, aghalabu hupungukiwa na kitu, basi daktari wa mifugo aulizwe kabla, si baada kama sisi.

Na yuko atakayesema kwamba jirani analala na chai kavu, nasi twazungumza moyo wa kuku wa paka. Kweli, haki ya jirani yatangulia. Lakini tukipiga hesabu na yule mama, mioyo, shingo na mapande ya kuku yalimgharimu chini ya nusu ya sarara. Kilichobaki alijua pa kukipeleka, wala si juu yetu kukitaja.

Paka yu hai, alhamdulillah. Alifungiwa katika kijumba kidogo majuma kadhaa asiruke, akala alichoandikiwa, na mifupa imeanza kushika. Mguu wa nyuma umebaki na upogo. Hufika kitini, dirishani bado. Binti alituletea habari hizo mwenyewe Alhamisi iliyopita, akiwa na mfuko wa maganda ya mayai aliyoyakusanya kwa majirani, akatuuliza kama yafaa kuyatwanga katika kinu cha nyumbani. Adhana ilikuwa karibu. Tukamwambia, "Keti, mwanangu. Twende tukaswali, kisha utueleze vizuri."

Wallahu a'lam.