Kabla fundi hajagusa kishikwambi cha mtoto

Mzazi, ukimkuta kijana wako wa kidato cha nne amechomeka kishikwambi cha nyumbani kwenye kompyuta na anakwambia, "Mama, nakiongezea spidi tu," usimkatishe tamaa. Lakini asiendelee kabla hujamuuliza maswali mawili matatu, hasa kama kifaa hicho ndicho mdogo wake analala nacho.

Anachotaka kubadilisha kinaitwa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Mchezo, kamera au programu ya masomo haviongei na prosesa wala betri moja kwa moja, vinapitia kwa kerneli. Yenyewe ndiyo inayoamua prosesa iende kasi gani, ipewe volti ngapi, chaja iingize umeme kiasi gani na kifaa kikichemka kipunguzwe mwendo lini. Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuichukua, kuirekebisha na kuigawa. Ndiyo maana zipo kerneli nyingi ambazo hazikutoka kiwandani, zilizotengenezwa na watu binafsi kwa ajili ya modeli fulani ya kifaa. Kazi ya kuiweka ndiyo mafundi simu wanaita kuflashi.

Hamu ya kijana inaeleweka. Kishikwambi cha zamani kinakwama, kiwanda kiliacha kukiletea maboresho, na kipya ni bei. Tatizo ni kwamba wanaorekebisha kerneli wengi hutafuta mbio, na mbio hulipiwa kwa joto. Kasi ya prosesa ikipandishwa, mara nyingi volti nayo hupandishwa ili kifaa kisizime, na volti ndiyo mlaji mkubwa. Kasi ikiongezwa kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10, umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa karibu asilimia 45. Kishikwambi hakina feni. Joto hilo lote linatokea mgongoni kwake na kwenye kioo, mahali mtoto anapokishika.

Wapo watakaosema huku kwetu si Dar es Salaam. Ni kweli, Bukoba ziwa linapooza hewa, na ukipanda Kamachumu wilayani Muleba usiku ni wa blanketi. Blanketi hilohilo ndilo linaloharibu mambo. Mtoto anajifunika nalo, kishikwambi kiko tumboni au chini ya mto, kimechomekwa kwenye chaja kwa sababu umeme umerudi, na joto halina pa kutokea. Ngozi ikigusana na kitu chenye nyuzi joto 44 za Selsiasi kwa takriban saa sita inaungua, bila moto wala mtu kushtuka. Kwenye nyuzi 50 ni suala la dakika chache. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, na mtoto aliyepitiwa na usingizi hajisogezi.

Betri nayo haipendi. Betri za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Baadhi ya kerneli zina kipengele cha kulazimisha chaji ya haraka. Kifaa kinavuta kwenye tundu la kompyuta umeme mwingi kama kinavyovuta kwenye chaja ya ukutani, ilhali matundu mengi ya zamani yalitengenezwa kutoa miliampia 500 tu. Wapo pia wanaoondoa kabisa kikomo cha joto kilichowekwa na kiwanda. Kwa kifaa cha mtoto, mambo haya mawili mzazi ayakatae.

Ajabu ni kwamba kerneli hiyohiyo inaweza kutumika kupoza. Kijana anayejua kupandisha kasi anajua pia kuishusha. Kisomeo vitabu au kuangalia katuni hakihitaji prosesa ikimbie hadi mwisho. Ikiwekewa ukomo wa chini kidogo, kifaa kinapoa na chaji inakaa muda mrefu. Huo ndio urekebishaji unaofaa kuombwa, na bahati mbaya ndio usio na sifa mbele ya marafiki.

Maswali ya kumuuliza ni haya: kerneli hii ni ya modeli hii hasa, au inafanana tu? Ya jirani yake inaweza kufanya kifaa kisiwake tena. Ile ya kiwandani imehifadhiwa mahali, ili irudishwe ikibidi? Na picha za familia ziko wapi? Ili kuweka kerneli nyingine, kwa kawaida lazima kufuli la kiwanda lifunguliwe kwanza, na hatua hiyo hufuta kila kitu kilichomo. Baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi baada ya hapo.

Kwenye nyumba za walimu liko la ziada. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022 viligawiwa walimu baadaye kwa ajili ya kufundishia. Mwalimu aliyerudi nacho nyumbani Nshamba au Kashai amekabidhiwa mali ya umma. Hicho hakiflashiwi na mtoto wala fundi wa stendi, hata kikwame vipi.

Kabla ya kazi yoyote, kilaze kifaa juu ya meza. Kikiyumba, au kioo kimeanza kuinuka pembeni, betri imevimba. Kizime, usikichaji tena, usikibonyeze wala kukitoboa. Kiweke kwenye sakafu ya saruji mbali na godoro na mapazia, kisha kipeleke kwa fundi anayebadilisha betri. Usiitupe betri hiyo kibanjani wala kuichoma na takataka. Ikianza kutoa moshi, toa watoto chumbani kwanza, moshi wake ni sumu.

Mtoto akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida na si ya barafu, kwa dakika 20. Kama bomba halitoi, mtu amimine kwa kopo taratibu muda wote huo. Vua bangili au nguo iliyo karibu kabla ngozi haijavimba, lakini iliyoganda usiivute. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta, na malengelenge yasipasuliwe. Jeraha likiwa usoni, mkononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, au likiwa kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali. Kwa walio Muleba, Rubya na Ndolage zipo.