Nani «hakutoka vizuri»?

Katika studio za Butembo na Beni mteja huambiwa: «Hukutoka vizuri.» Sisi wa lugha tutazame kiima cha sentensi hiyo: kosa ametwishwa aliyepigwa picha! Kamera hupima mwanga wote inaouona. Ukuta mweupe nyuma huifanya ipunguze mwanga, na uso mweusi huzama. Flashi ya mbele nayo hung'arisha paji tu. Mkalishe mtu karibu na mlango, mwanga umfikie ubavuni. Nyuma tundika kitambaa cha kijivu, na karatasi nyeupe irudishe mwanga shavuni. (Wala haihitaji umeme.) Picha iliyozama ikiingia kwenye kadi ya mpiga kura, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho, askari wa barabarani atalinganisha giza na uso. Hatamuuliza mpiga picha.