Mwanao yuko sebuleni, lakini yuko kazini

Mzazi, kama una binti anayesoma sheria na likizo hii anafanya mafunzo kwa vitendo kwa njia ya mtandao, usimtume gengeni kwa sababu tu unamwona amekaa na kompyuta.

Katika shirika la msaada wa kisheria, kazi ya mwanafunzi mara nyingi ni kusoma majalada na kutafuta hukumu zinazofanana, ambazo nyingi zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII. Majalada hayo yana watu: mjane aliyetolewa ndani na mashemeji, mtoto aliyebakwa na mtu wa karibu.

Hapo ndipo afya inapoingia. Ofisini, ukimaliza jalada zito, kuna mwenzako wa kunywa naye chai. Nyumbani binti anafunga kompyuta, dakika mbili baadaye anaitwa mezani. Anayesoma mikasa ya wengine kila siku anaweza kukosa usingizi, kuota ndoto mbaya, kukasirika ovyo au kufa ganzi. Si kudeka.

Muulize, "Leo kazi ilikuwa nzito?" Usimuulize ni nani wala kijiji gani, siri za mteja hazitoki hata kwa mama. Ndugu wasichungulie kioo chake.

Asifanyie kazi kitandani. Usingizi ukigoma wiki mbili, amwambie msimamizi wake apunguziwe majalada ya aina hiyo, na amwone mnasihi wa chuo.

Na bando mchangieni, maana mafunzo mengi hayana posho.