Mvumo Si Mkwaruzo: Washairi Tuwape Mafundi Maneno

Liko dai nililolisikia mara nyingi mno katika miaka yangu ya kufundisha: kwamba Kiswahili ni lugha ya moyo na Kiingereza ni lugha ya mashine. Dai hilo nalikataa, na leo nalikatalia mahali ambapo huenda hamkupatarajia: mezani, mbele ya amplifaya ya vali iliyounganishwa na hedifoni, siku inapougua. Hoja yangu ni fupi. Fundi huanza kuutambua ugonjwa wa chombo cha sauti kwa kuutaja mlio wake, na majina ya milio Kiswahili kinayo tele. Wenye ghala la majina hayo ni sisi tunaotunga, nasi tumelifunga kwa kufuli.

Nikieleze kwanza chombo chenyewe, kwa kuwa vijana wengi hawajapata kukiona. Vali ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna uzi unaopashwa moto na umeme hadi ung'ae wekundu wa kaa. Joto hilo huzifanya elektroni ziruke kuelekea kwenye bamba la chuma, na katikati ya njia pana waya mwembamba uliosukwa mfano wa chekeche, unaozipunguza au kuziachia kwa kadiri ya sauti inayoingia. John Ambrose Fleming alibuni vali ya kwanza mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Lee de Forest akaongeza chekeche. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, redio zilizoipokea zilikuwa za chupa hizo. Kisha transista ikaja, ndogo, nafuu, isiyohitaji kupashwa moto, ikazisukuma vali pembeni. Hata hivyo hazikufa. Wapo wanaoziunda na kuzinunua mpaka leo, hata kwa kusikilizia hedifoni.

Sidai kwamba vali husema kweli kuliko transista. Kwa vipimo, mara nyingi hali ni kinyume: vali huongeza kidogo sauti yake yenyewe, hasa ile iliyo oktavo moja juu ya sauti ya asili, na sikio la binadamu huipenda nyongeza hiyo na kuiita joto. Mimi nimeichagua kwa sababu ya kusikiliza kanda. Huku kwetu Mbulu wazee wa Kiiraqw wana slufay, utenzi wa maombi na baraka unaotamkwa barazani, msemaji akiongoza na wasikilizaji wakimwitikia. Kiiraqw kina sauti zinazotamkwa kooni na pembeni mwa ulimi ambazo spika ya simu huzimeza. Katika hedifoni nzuri huzisikia zote, na huusikia pia mwitikio wa chini wa baraza.

Hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Mwitikio wa watu ni sauti nzito ya chini, na mvumo wa umeme mbovu vilevile ni sauti nzito ya chini. Msikilizaji asiyeweza kutofautisha baraza na transfoma atakuja kufuta watu kutoka katika kumbukumbu yao, akidhani anasafisha kanda.

Kufunga mtambo wenyewe si kazi kubwa. Tafuta meza imara, mbali na modemu na chaja za simu. Umeme wetu ni volti 230, nao hupanda na kushuka, kwa hiyo stabilaiza si anasa. Jua ukinzani wa hedifoni yako. Amplifaya nyingi za vali zisizo na transfoma ya kutolea sauti hupatana na hedifoni za omu 300, ambapo zile za omu 32 huziacha na besi iliyolegea. Kanuni ya mkono ni kwamba ukinzani wa hedifoni uwe walau mara nane ya ule wa tundu la amplifaya. Teremsha sauti hadi mwisho, washa, subiri dakika moja au mbili vali zipate moto, ndipo uchomeke hedifoni.

Ugumu huanza siku chombo kinapolia kisivyotakiwa. Fundi mmoja kijana, jirani yangu, alisikiliza amplifaya yangu kisha akashauri tubadili transfoma.

"Kwa nini, mwanangu?" nikamwuliza.

"Ina kelele, Mwalimu."

"Kelele gani?"

"Kelele tu."

Nilimwomba azungushe kitufe cha sauti huku akisikiliza, aniambie kama ni mvumo au ni mkwaruzo. Akazungusha, akatabasamu. "Ni mkwaruzo, na unakuja ninapozungusha tu." Basi transfoma haikuwa na hatia. Lilikuwa vumbi ndani ya kitufe, vumbi lile lile la kiangazi linalotoka Basotu hadi Katesh na kuingia kila penye upenyo. Dawa yake ilikuwa mpulizo wa kisafishio cha umeme na kuzungusha kitufe mara ishirini. Kijana yule alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu, na sikio zima. Alichokosa ni kugawa neno moja, kelele, katika maneno sita.

Maneno hayo sita nayaweka mbele yenu.

Mvumo ni sauti laini isiyokatika, kama nyuki mzingani. Umeme wetu hupinda mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo ndio wimbo wake. Mara nyingi hutokana na vyombo viwili vilivyounganishwa, kila kimoja na waya wake wa ethi. Chomoa chaja ya kompyuta. Mvumo ukitoweka, umempata mkosaji.

Mngurumo ni wenye ukali, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Umeme ukishageuzwa kuwa wa mkondo mmoja, mapigo 50 huwa 100, oktavo moja juu. Ukisikia huo, tuhumu kapasita za kuchuja, hasa zikiwa zimezeeka.

Mkwaruzo ni wa kitu kinachogusana vibaya: kitufe chenye vumbi, mguu wa vali ulioshika kutu, plagi iliyolegea. Huja unapogusa au kuzungusha.

Mwaliko ni ule mlio wa ghafla, kama vidole vinavyoalishwa, unaokuja hata usipogusa kitu. Neno ni lile lile la karata ya harusi, na kweli huo ni mwaliko: kapasita inayovuja au vali inayochoka inakuita mapema.

Kengele ni mlio wa vali iliyolegea viungo vyake vya ndani. Igonge taratibu kwa penseli. Ikiitika hedifonini kama kengele ya ng'ombe, hiyo si ya kuwekwa mwanzoni mwa mtambo, ambako kila mtikisiko hukuzwa.

Manyunyu ni ile sauti ya mvua nyepesi juu ya bati. Manyunyu kidogo ni ya kawaida katika kila amplifaya. Yakizidi upande mmoja wa kichwa, pana kasoro.

Ukishalitaja jina, kanuni ya pili ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Zima, acha vali zipoe, kisha badilishana ya kushoto na ya kulia. Ugonjwa ukihama, ni wa vali. Ukibaki palepale, ni wa mtambo. Teremsha sauti hadi mwisho: mlio ukizimika, umeingia kabla ya kitufe, ukiendelea, umezaliwa baada yake. Tazama pia lile doa la rangi ya fedha ndani ya kioo. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na vali imekufa. Na bamba la ndani likianza kuwa jekundu, zima mara moja.

Wako watakaoniuliza: kwa nini tusiyachukue maneno ya Kiingereza tukamaliza? Jibu langu lina sehemu mbili. Kitu kilichokuja na jina lake, tukipokee pamoja na jina lake. Sina ugomvi na vali, transfoma, fyuzi, soketi wala hedifoni. Lugha yetu imekula maneno ya wageni tangu enzi za majahazi na haijavimbiwa. Lakini mlio haukuja kwa meli. Umezaliwa masikioni mwetu, na masikio yetu yalikwisha kuupa jina kabla ya umeme kufika. Kuazima jina la kitu ulichonacho nyumbani ni kuomba chumvi kwa jirani huku gunia limejaa.

Sehemu ya pili ni ya haki. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na za sekondari kwa Kiingereza. Kijana aliyeishia darasa la saba akawa fundi alijifunza kufikiri katika Kiswahili, na katika Kiswahili ndimo atakamookoka au kudhurika. Nasema kudhurika kwa makusudi. Ndani ya amplifaya ya vali hupita volti 150, 200, hata 300 za mkondo mmoja, na kapasita huendelea kuzishika baada ya waya kuchomolewa ukutani. Tumezoea kusema "umeme umezimwa", na kwa pasi ya nguo inatosha. Kwa chombo hiki, sentensi hiyo inaweza kuua.

Tunahitaji neno la umeme uliosalia, tena neno ambalo mtoto analielewa kabla hujamaliza kulitamka. Napendekeza salio. Kila mwenye simu anajua kwamba salio ni kilichobaki hata kama huongei. "Usiguse, kapasita ina salio." Fundi na apime kwa mita, alimalize salio kupitia rezista, apime tena, ndipo aingize vidole. Asiyejua kupima asifungue kifuniko kabisa. Neno moja la silabi tatu linaweza kusimama mlangoni kama askari.

Msidhani kwamba kazi hii lazima isubiri kikao. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina kazi yake ya kusanifu, nasi tunaiheshimu. Kamusi za sayansi nazo zina kazi yake ya kutaja sehemu na vipimo. Lakini nani alikaa kikao akaamua kwamba televisheni isiyopata mawimbi inaonyesha chenga? Mtu fulani alitazama kioo kilichojaa vipunje vyeupe, akakumbuka mchele uliovunjika, akasema, na nchi nzima ikaitikia. Huo ni ushairi, sitiari kamili, na ni istilahi ya ufundi kwa wakati mmoja. Jikoni imetoka, karakana imeipokea.

Kinyume chake ni kipaza sauti. Leo neno hilo ni kile anachokishika msemaji mkononi, na pia ni kile kinachotoa sauti kubwa juu ya mti wa mkutano. Mwambie fundi "kipaza sauti kimeharibika" uone atabeba nini. Tuiache maikrofoni iitwe maikrofoni, spika iitwe spika, na amplifaya ibaki kati yao.

Hata majina ya vali yatufunze. Vali iitwayo ECC82 imetungwa kama kitenzi chetu, kiambishi baada ya kiambishi. E ni volti 6.3 za kupashia moto. C ni vali ya sehemu tatu, na kuwapo mara mbili kunasema zimo mbili katika chupa moja. 8 inataja kitako cha miguu tisa. Anayeweza kuchanganua "anasoma" anaweza kuisoma vali hiyo. Wamarekani huiita hiyo hiyo 12AU7, mfano wa visawe visivyofanana hata herufi moja.

Kwa hiyo, malenga wenzangu, nawaomba msiishie kwenye vina na mizani. Nendeni kwenye karakana ya redio iliyo karibu nanyi, Katesh, Haydom, Dongobesh au popote mlipo, mkae kitako msikilize jinsi mafundi wanavyoiita milio. Yaandikeni maneno yao. Wasio na neno, wapeni lenu, kisha mwone kama litadumu wiki mbili midomoni mwao. Na tusione haya kuazima kwa majirani: Kiiraqw ni cha Kikushi, Kidatooga ni cha Kiniloti, navyo vina masikio yake ya upepo, mifugo na radi.

Sita nimezitoa. Ya saba, ule mlio mwembamba unaochoma sikio mtambo unapojisikia wenyewe, wengine huuita mluzi. Mwenye neno bora na alilete.