Msiisingizie Chapati

Siku ya harusi ya binamu yangu nilikuwa nimemaliza miezi minane bila kuonja chapati. Shosho akanipakulia mbili, laini, bado zina moto. Nikazikataa. "Siku hizi sili gluteni, shosho." Akaniangalia. "Hiyo nayo ni dini gani?" Meza nzima ikacheka. Nusu saa baadaye nilikuwa chooni, tumbo limefura, naendesha vile vile nilivyokuwa nikiendesha kabla sijaokoka.

Miezi minane, na tumbo ni lile lile. Badala ya kujiuliza kama nimemshika mwizi asiye mwizi, niliamua kwamba sijakaza vya kutosha. Nikaacha soseji, maana nyingi huchanganywa na ngano. Nikanunua sufuria yangu pekee. Kila nikiumwa nilisaka chembe ya ngano iliyoniponyoka.

Hapo ndipo ninapogombana na nyinyi wenzangu mnaoambiana, "Wewe acha tu gluteni uone." Nani alikupima?

Wapo ambao gluteni kwao ni sumu kweli. Ugonjwa wa siliaki humpata takriban mtu 1 kati ya 100 duniani. Akila ngano au shayiri, kinga yake ya mwili hushambulia utumbo wake mwenyewe. Huyo hana mchezo: hata unga wa mahindi uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano unaweza kumdhuru. Lakini hata yeye akiendelea kuumwa baada ya kuacha ngano, daktari haishii kumwambia akaze kamba. Kwanza wanatafuta gluteni iliyojificha, kisha wanatafuta mengine: maziwa yasiyomeng'enywa, bakteria waliozidi kwenye utumbo mdogo, uvimbe wa utumbo mpana, kongosho iliyolegea kazini. Sasa kama aliyepimwa anachunguzwa upya, wewe uliyepimwa na video ya dakika moja una uhakika wa nini?

Na kuna mtego ambao hizo video hazitaji. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili zinazotokea wakati unakula gluteni. Ukiiacha zinapungua, na kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa ilhali unao. Nilipofika kwa daktari hatimaye, alinirudisha nyumbani nikale ngano kila siku kwa wiki 6 ndipo anipime. Miezi minane nilikuwa nimelipia mkate wa bei ya nyama ili nijifungie mlango wa jibu.

"Lakini mimi nilipata nafuu wiki ya kwanza!" Hata mimi. Ila pamoja na chapati nilikuwa nimeacha mandazi, bia, na chipsi za saa sita usiku. Halafu ngano ina kitu kingine kando na gluteni: fruktani, aina ya wanga ambao utumbo mdogo hauwezi kuumeng'enya, ukishuka chini bakteria wanaugeuza gesi. Mwaka 2018 watafiti wa Oslo, Norway, walichapisha utafiti wa watu 59 wasio na siliaki, ambao walikuwa wamejiamulia wenyewe kuacha gluteni. Waliwalisha vipande vya vitafunio vinavyofanana, vingine vyenye gluteni, vingine fruktani, vingine havina chochote, bila kuwaambia kipi ni kipi. Fruktani ndizo zilizowasumbua zaidi. Gluteni haikutofautiana na kile kipande kisicho na kitu.

Na fruktani ziko wapi tena? Kwenye kitunguu. Kwenye kitunguu saumu. Nayo maharagwe yana jamaa zake wa karibu. Mimi nilikuwa nimetoa chapo kwenye chapo madondo, nikajaziwa madondo na kachumbari juu, halafu nashangaa mbona naunguruma kama matatu ya zamani. Na ule mkate wangu maalum? Wanga mtupu wa mchele na muhogo, nyuzinyuzi kidogo. Wengine huwaletea choo kigumu ambacho hawakuwa nacho. Ilhali ugali, wimbi, mtama na nduma havijawahi kuwa na gluteni tangu enzi za shosho.

Majibu yangu? Damu ilikuwa safi. Kopo la choo, kipimo ambacho sikuwa nimekiwazia kamwe, ndilo lilisema: giadia. Kimelea cha maji machafu. Mtaani kwetu maji huja kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20, na mimi nilikuwa nikiyanywa bila kuchemsha kwa sababu yalionekana maangavu. Nilimeza dawa siku chache. Maziwa yalinisumbua wiki kadhaa zaidi, maana giadia huweza kuvuruga umeng'enyaji wake, kisha nayo yakatulia.

Tunapenda kuilaumu gluteni kwa sababu ni adui unayeweza kupigana naye peke yako, na kikapu cha supamaketi mkononi. Maji ya mtaa yanahitaji majirani, kelele na mikutano. Ni rahisi kugomea chapati kuliko kugomea kaunti.

Basi, kama unaumwa na bado hujaacha, pimwa kwanza. Kama umeacha na bado unaumwa, usipunguze sahani tena. Rudi kwa daktari, mwambie kila kitu, hata maji unayokunywa.

Mimi Krismasi niko kwa shosho. Nimeshamwambia apike nyingi.