Jua Likishachomoza Angkor Wat
Ukijaliwa kufika Kambodia, damka uende Angkor Wat, ila usiende bila mwongozaji. Lango hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, na umati hukimbilia bwawani mbele ya hekalu kungoja jua lichomoze nyuma ya minara. Wana haki: mahekalu mengi ya Wakhmer wa Kambodia yameelekea mashariki, hili limeelekea magharibi, ndiyo maana jua hutokea mgongoni mwake. Kinachoniuma ni kwamba likishapanda, wengi hurudi hotelini kunywa chai. Hapo ndipo kazi ya mwongozaji inapoanza hasa. Atakupeleka baraza ya mashariki, ambako mwanga wa asubuhi huangukia ukuta wa mawe uliochongwa kwa urefu wa mita 49 hivi: miungu na mashetani wameshika nyoka mkubwa, Vasuki, wakimvuta huku na huku kama timu mbili za kuvuta kamba, ili kuisukasuka bahari ya maziwa mpaka itoe kinywaji cha uzima wa milele. Katikati yupo Vishnu, mungu wa Kihindu, ambaye mfalme Suryavarman wa Pili alimjengea hekalu hili katika karne ya 12. Pasipo maelezo, utaona safu ya watu tu. Na leo huko ndani utakuta watawa wa Kibudha; tunaita magofu mahali ambapo watu bado wanasali! Msomaji, ukishalipia safari ya mbali hivyo, usiondoke kabla ya kuzizunguka baraza zote.